Tupeane uzoefu: Babu wa Land Rover za zamani hapa Tabora alikuachia nini?

Mwanzisha mada, Isevya
Ndugu zangu, salaam. Juzi jioni nilikuwa barazani nikasikia mlio wa giaboksi ya Land Rover ya zamani ikija kutoka upande wa Ipuli, nikainuka kwenda barabarani kabla sijakumbuka kwamba Babu tulimzika wakati wa masika. Lilikuwa gari la mtu mwingine kabisa. Nimeona ni vyema sisi tuliokuwa tukikusanyika Jumapili chini ya miembe yake tuandike tuliyoyaona, kabla hayajawa hadithi za kijiweni ambazo kila msimulizi huongeza chumvi yake.

Naanza mimi. Nilipompelekea gari aliloniachia baba, Land Rover Series IIA ile fupi, yenye inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, nilitarajia kwamba ataingia chini yake na kuniambia gharama. Badala yake alileta gunia, akalitandika mchangani, akaniambia nilale mimi. Yeye aliketi kwenye kigoda, akawa ananiuliza naona nini, na kila nilipojibu "naona oili" aliniuliza inatokea wapi, mpaka nikaifuata kwa kidole hadi kwenye sili ya giaboksi. Babu hakuwa akimtengenezea mtu gari. Alisema kwamba anayetaka fundi asimsumbue, kwa kuwa mafundi wamejaa mjini.

Mkazi wa Cheyo
Gunia hilo nalifahamu vizuri. Shati langu la Idi liliishia hapo.

Dereva mstaafu, Urambo
Mimi alinifundisha hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono ili iwake, ingawa nilikuwa nimeendesha malori ya tumbaku miaka mingi na nilidhani sina la kujifunza. Aliniona nimeikumbatia hendeli kwa kiganja kizima, akanisimamisha. Kidole gumba lazima kikae upande mmoja na vidole vingine, na hendeli huvutwa kwenda juu, haisukumwi kwenda chini, kwa sababu injini ikirudisha teke itakupokonya hendeli tu, lakini ukiwa umeikumbatia itakuvunja kidole au mkono. Vijana wa siku hizi betri ikilala wanaita watu wa kusukuma.

Mtoto wa Kaliua
Naomba niandike kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili sijapata kulisimulia nje ya familia. Mama yangu alifariki Tabora mjini katikati ya masika, na kijiji chetu kiko ng'ambo ya mbuga ambayo ikijaa maji hata baiskeli hubebwa begani. Gari tulilokodi lilifika Kaliua, dereva akaitazama njia, akatushusha sisi na jeneza kwenye baraza ya duka, kisha akageuza bila hata kutupa pole. Mjomba alimpigia simu mtu aliyemfahamu Babu. Usiku, mvua ikiwa bado inanyesha, tuliona taa mbili zilizokaribiana katikati ya uso wa gari, kama zilivyo Land Rover za zamani, na tukajua kwamba amekuja.

Jeneza liliingia nyuma kwenye ile ndefu ya inchi 109, nasi tukajibana pembeni. Tulipofika katikati ya mbuga tulisikia kitu kikikatika chini yetu kama mti mkavu. Injini iliendelea kuunguruma lakini gari halikuenda popote. Wanawake wakaanza kulia upya, na mjomba akasema kwamba marehemu hataki kurudi kijijini, jambo ambalo mpaka leo shangazi hajamsamehe. Babu hakumjibu mtu. Alinipa tochi, akachuchumaa kwenye tope karibu na gurudumu la nyuma la kushoto, akafungua bolti sita zilizo katikati ya gurudumu, akaivuta shafti inayozungusha gurudumu. Ilitoka nusu, na pale ilipokatikia chuma kilikuwa kimejisokota. Alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, akaliziba lile tundu na kulibana kwa bolti zilezile ili oili isimwagike na tope lisiingie, kisha akaingia garini na kukididimiza kile kirungu cha njano kilicho karibu na miguu ya dereva. Hapo nguvu ilikwenda magurudumu ya mbele, na gari likaanza kuvuta lenyewe. Alituamuru tushuke wote, akabaki yeye na mama tu. Sisi tulitangulia peku, tukipima kina kwa fimbo, naye akatufuata polepole.

Tulifika kabla ya alfajiri. Alikula ugali na mlenda pamoja na wachimba kaburi, akakataa hata hela ya mafuta, akauliza tu kama kuna mtu anayekwenda mjini atakayempelekea ujumbe kuhusu shafti.

Mama wa Kanyenye
Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako, na Babu pia. Nimesoma mara mbili.

Fundi wa Ipuli
Pole sana, ndugu yangu. Naomba kuuliza kama fundi: ile nusu ya shafti iliyobaki ndani ya difu, yale meno ya katikati ya ekseli yanayogawa nguvu kwa magurudumu, ilitolewaje? Ikibaki humo huweza kumwaga vipande vya chuma na kusaga meno, na kwa mwendo huo wote difu isingepona.

Mkazi wa Cheyo
Mtu anasimulia mazishi ya mama yake, wewe unauliza meno ya difu. Hii ndiyo adabu ya Ipuli?

Fundi wa Ipuli
Babu mwenyewe angeuliza hivyohivyo, tena angeuliza kabla ya kutoa pole.

Mtoto wa Kaliua
Msigombane kwa ajili yangu. Aliitoa kwa waya aliokuwa ameukunja ncha, akaivua kupitia tundu lilelile, na ndiyo kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote.

Mwenye 404, Kigoma
Mnamsimulia kana kwamba alikuwa mtu wa Land Rover peke yake. Huku Kigoma alikuwa akiteremka kwa treni na mfuko wa spea, na Peugeot 404 yangu yenye gia za kwenye usukani inatembea mpaka leo kwa sababu yake. Alipenda kutukumbusha kwamba Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mbio za East African Safari mwaka 1966 na 1967 kwa 404, na kwamba mwaka 1963 na 1968, gari hilohilo liliposhinda tena, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Je, Land Rover ilishinda lini?

Dereva mstaafu, Urambo
Land Rover haikuumbwa kwa mashindano. Mpeleke huyo Shankland na 404 yake kwenye mbuga ya Kaliua na jeneza nyuma, kisha uje utupe matokeo.

Mjukuu
Shikamooni wazee wangu. Tumesoma yote, na bibi ameomba asomewe ya Kaliua mara ya pili. Familia inaomba ushauri: gari la babu limesimama chini ya mwembe tangu msiba na kuku wameanza kutagia ndani. Baba mdogo anataka tufunge injini ya dizeli ya Toyota ili lifanye kazi, na mimi nilitaka kufunga redio.

Fundi wa Ipuli
Redio usiguse kwanza. Gari hilo ni la kabla ya mabadiliko ya umeme ya mwaka 1967, na betri yake imefungwa chanya kwenye bodi. Ukiunganisha redio ya kisasa kwa mazoea utaiunguza. Geuza mfumo mzima uwe hasi kwenye bodi, ndipo ufunge unachotaka.

Mwanzisha mada, Isevya
Asigeuze chochote. Babu aliliacha hivyo kwa makusudi, na dinamo yake ni nzima. Kuhusu injini ya Toyota, mwambie baba mdogo kwamba tutakuja kulala mbele ya geti.

Mama wa Kanyenye
Mwenye gari ni bibi. Ikiwa dizeli italeta hela ya chumvi na sukari, ninyi mnaotaka kulala getini mje na mchango.

Dereva mstaafu, Urambo
Muondoe petroli iliyokaa, mpandishe gari juu ya magogo ili tairi zipumzike, na mgonge chesisi kwa nyundo ndogo, hasa nyuma. Bodi ni ya alumini, haitaoza, lakini chesisi ni chuma, na majani ya mwembe hutunza unyevu. Kuku waacheni, kwa sababu wanakula mchwa.

Mkazi wa Cheyo
Mpeni kijana asiye na hela kabisa. Mwenye hela ndiye atakayelipaka rangi nyekundu.

Mjukuu
Tumewaelewa, ingawa hamkubaliani. Jambo la mwisho: tumelipata daftari la babu la watu walioazima spana za inchi. Ya 9/16 haijarudi, na jina lililoandikwa ni la fundi mmoja wa Ipuli.

Fundi wa Ipuli
Nitaileta Jumapili. Ya nusu inchi mwulizeni yule bwana wa Kigoma, alipanda nayo treni.