Nyimbo za zamani za Kifaransa kwa mtindo wa jazi: nianzie wapi?

Sauti_Kamalondo (Lubumbashi)
Wakubwa, salamu. Tunatayarisha programu ya dakika 40 kwa ukumbi mdogo: sauti yangu, gitaa, besi na batri. Nataka Les Feuilles mortes, Que reste-t-il de nos amours na La Vie en rose, kwa Kifaransa chenyewe lakini kijazi. Toni ya vitabu vya nyimbo za jazi inanibana. Wenzangu hawamalizi vipimo nane kabla hawajaingia rumba. Na nikichelewesha maneno kama waimbaji wa Marekani, Kifaransa kinavunjika. Nishike lipi kwanza? Tena, ninaruhusiwa kutia ubeti mmoja wa Kiswahili?

Solfeji_Ibanda (Bukavu)
Dada, shika maneno kwanza. Kinachovunja Kifaransa ni mkazo, kuchelewa hakuna kosa. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaibeba tabia hiyo hadi kwenye wimbo. Kifaransa kinakaza silabi ya mwisho ya kundi zima la maneno. Chukua kichwa cha wimbo wa Trenet, Que reste-t-il de nos amours: mkazo uko kwenye «-mours» peke yake, na «nos» inashikana na neno linalofuata, no-za-mur. Ukiangusha pigo zito juu ya «nos», Mfaransa anasikia sentensi iliyokatwa vibaya. Basi vuta mwanzo na katikati upendavyo, ila silabi ya mwisho itue penye uzito, pigo la 1 au la 3.

Kuchelewa nako kuna mpaka, na Les Feuilles mortes inauonyesha vizuri kuliko wimbo wowote. Kiitikio katika sol minori kinakwenda kwa akodi hizi, yaani noti zinazopigwa pamoja (C ni do, D re, E mi, F fa, G sol, A la, B si; b ni bemoli, nusu toni chini): Cm7, F7, Bbmaj7, Ebmaj7, Am7b5, D7, Gm. Noti ndefu ya kwanza ni mi bemoli, yaani noti ya tatu ya Cm7. Ukiichelewesha kipimo kizima unaikuta F7, na hapo imekuwa noti ya saba: bado tamu. Ukiichelewesha vipimo viwili unaangukia Bbmaj7, ambayo ina re ndani yake, na mi bemoli inagongana nayo. Mpango ni huohuo kwa re juu ya Bbmaj7 kisha Ebmaj7, na kwa do juu ya Am7b5 kisha D7. Kwa hiyo una nafasi ya kipimo kimoja, usizidishe.

Mazoezi: soma maneno bila muziki kwa metronomu 60, kisha imba kama ilivyoandikwa mpaka huhitaji karatasi, kisha chelewesha nusu pigo, halafu pigo moja. Angalia na ile «e» ya mwisho ya «mortes»: mtunzi akiipa noti, iguse kwa midomo ya mviringo na uiachie. Sisi tunaigeuza «e» kamili ya Kiswahili, na neno linakuwa zito.

Besi_Katuba (Lubumbashi)
Kuhusu toni ya Les Feuilles mortes: mi minori na sol minori za vitabuni zinawafaa wapiga ala. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo, uiweke pale unapoweza kuishika kwa sauti ndogo bila kukaza koo. Sauti nzito ya mwanamke ijaribu re minori: Gm7, C7, Fmaj7, Bbmaj7, Em7b5, A7, Dm. Gitaa linaipenda pia.

Rumba inaingia kwa sababu kila mtu anajaza nafasi. Gitaa liache kuchambua nyuzi. Lipige mara nne kwa kipimo, fupi, vidole vya kushoto vikilegea mara baada ya kila pigo. Besi, katika vipimo 32 vya kwanza, noti mbili tu: ya msingi kwenye 1, ya tano kwenye 3. Noti nne kwa kipimo zingoje zamu ya gitaa kucheza peke yake. Batri itumie brashi za waya, na mguu wa kushoto ufunge sahani kwenye 2 na 4 bila kukosa. Huo mguu ndio unaozuia rumba.

Mwendo mapigo 120 kwa dakika, manne kwa kipimo. Kwa mwendo huo vipimo 32 ni sekunde 64, kwa hiyo hesabu ya programu ni rahisi. Anza na ile sehemu ya utangulizi ambayo mwimbaji Yves Montand anaiimba na wapiga ala wa jazi wanairuka: gitaa na sauti tu, bila mapigo, gitaa likikungoja mwisho wa kila mstari. Batri iingie kwenye kiitikio.

Nyimbo tatu hazitoshi dakika 40. Ongeza La Javanaise ya Gainsbourg (1963), ni valsi (mapigo matatu kwa kipimo) na inapumzisha masikio, na J'ai deux amours ya Josephine Baker (1930). La Mer ya Trenet iacheni kwanza: ukiianza kwa fa, sehemu ya kati inahamia la, kisha do, na bendi isiyoizoea inapotea palepale.

Himbi_Jazi (Goma)
Sikiliza Nina Simone katika Ne me quitte pas (1965). Lafudhi yake si ya Paris, lakini anajua kunyamaza, na mimi naiweka juu ya matoleo mengi ya Wafaransa wenyewe.

Ubeti wa Kiswahili: tafsiri inahitaji ruhusa ya wenye haki. Prévert, mwandishi wa maneno ya Les Feuilles mortes, alifariki 1977, maneno yake bado yanalindwa. Ongea Kiswahili kwa maneno yako mwenyewe juu ya gitaa kabla ya wimbo, hilo halina shida. Na orodha mnayopeleka SOCODA, shirika la Kongo la haki za watunzi, iandike watunzi wote: Kosma na Prévert, Trenet na Chauliac, Piaf na Louiguy.

Sauti_Kamalondo
Aksanti sana wakubwa. Re minori inanikaa. Ila mpiga gitaa wetu hajui Em7b5.

Besi_Katuba
Apige Gm6. Noti ni zilezile: sol, si bemoli, re, mi. Besi ikishika mi chini yake, akodi imekamilika.