Nadharia ipi inafaa utafiti wa bomba la mafuta la Chongoleani?

Chumbageni_21:
Shikamooni wakubwa. Naandika pendekezo la utafiti, shahada ya kwanza ya uhusiano wa kimataifa. Mada: kwa nini Uganda ilichagua kupitishia bomba la mafuta ghafi Tanga, linakoishia Chongoleani, badala ya Kenya. Nadharia ni uhalisia wa kimuundo wa Kenneth Waltz, yaani dola husukumwa na mgawanyo wa nguvu duniani. Msimamizi kairudisha, anasema nadharia nimeiweka lakini haifanyi kazi yoyote. Nimekosea wapi? Pia nataka kuhoji wakazi wa Chongoleani, kibali kinapatikanaje?

Mwalimu_Raskazone:
Marahaba. Msimamizi yuko sahihi. Kitabu cha Waltz cha 1979 kinaeleza mwenendo wa mfumo mzima wa dunia, hakielezi uamuzi mmoja wa serikali moja, na mwenyewe alilisisitiza hilo. Sasa tazama tarehe zako. Agosti 2015 Uganda na Kenya zilikubaliana njia ya kaskazini mwa Kenya. Aprili 2016 ikatangazwa Tanga. Ndani ya miezi minane muundo wa dunia haukugeuka, na kisichobadilika hakiwezi kueleza kilichobadilika. Hapo ndipo sura ya pili ya wanafunzi wengi inapovunjika: kurasa kumi za nadharia, halafu sura ya nne, ya matokeo, haitaji nadharia hiyo hata mara moja.

Chukua maelezo mawili yanayoshindana, na kabla hujagusa data andika kila moja linategemea kuona nini. La kwanza ni hofu ya usalama: Uganda haitaki kuning'inia kwa jirani mmoja, maana ghasia za Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliikatia mafuta. Likiwa kweli, utakuta lugha ya usalama kwenye hotuba na taarifa za serikali za miezi ile. La pili ni mvutano wa gharama: kodi, ardhi, ada ya kusafirisha kila pipa. Likiwa kweli, utaona kampuni zikiwa mbele na masharti yakibadilika kabla ya tangazo, si baada yake. Mpangilio wa tarehe ndio ushahidi wenyewe. Tengeneza jedwali la siku kwa siku.

Halafu usizisahau kampuni. Katika bomba hili TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, na kampuni za mafuta za serikali zina zilizobaki: UNOC ya Uganda 15, TPDC yetu 15, CNOOC ya China 8. Nadharia inayoona dola peke yake itampita mwenye hisa kubwa kuliko wote bila kumsalimia.

Ibara_124:
Naongezea upande wa sheria, maana wengi huandika kwamba Uganda ina haki ya kupitisha bomba kwa kuwa haina bahari. Si hivyo. Ibara ya 125 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 inaipa nchi isiyo na pwani haki ya kuifikia bahari kwa njia zote za usafiri. Lakini njia hizo zimetajwa kwenye Ibara ya 124: reli, vyombo vya majini, magari, hata wapagazi na wanyama wa mizigo. Bomba halimo mpaka nchi husika zikubaliane kuliingiza. Ndiyo maana Mei 2017 ilibidi Uganda na Tanzania zitie saini mkataba wa serikali kwa serikali. Kilomita 1,147 kati ya 1,443 ziko kwetu; uzito wa Tanzania mezani uanzie hapo.

Mwalimu_Raskazone:
Kibali: barua ya chuo, kisha ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Jiji, mtendaji wa kata. Ila jiulize kwanza unawahoji nini. Mvuvi wa Chongoleani anajua habari za fidia na bandari ya kuvulia. Ya Kampala hakuwepo. Ukimuuliza kwa nini Uganda ilichagua Tanga, atakujibu alichosikia redioni.

Chumbageni_21:
Nimeelewa. Swali jipya: "Kwa nini Uganda ilibadili njia ya bomba kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016?" Nalinganisha hofu ya usalama na mvutano wa gharama.

Mwalimu_Raskazone:
Hapo sawa. Kwenye jedwali ongeza safu moja: ushahidi gani ukiupata utakufanya uiache hofu ya usalama. Safu hiyo ikibaki tupu, usipeleke bado kwa msimamizi.