Erosoli kwenye modeli: uzito tu, modi au bini? Nisaidieni kabla sijaanza

Punje_Ndogo:
Wadau habari zenu. Nimepata saa za kompyuta kwenye klasta na wiki hii lazima nichague skimu ya erosoli (namna modeli ya hewa inavyohesabu chembe ndogo zinazoelea angani), nikishaanza ndo basi tena maana saa hazirudi. Nimebaki na tatu: GOCART (inafuata uzito tu), MAM (modi, yaani makundi machache ya ukubwa), na MOSAIC ya bini 8 (visanduku 8 vya ukubwa). Ipi ni nzuri?

Kipimahewa:
Nzuri kwa kazi gani? Hujasema modeli gani, gridi kilomita ngapi, muda gani, wala kama unafuata mawingu au vumbi tu. Bila hivyo tutakubahatishia.

Mzee_wa_Bini:
MOSAIC bini 8, usisumbuke. Chembe halisi haina modi, ina ukubwa wake, na bini zinauacha ukubwa ubadilike kadiri chembe inavyonenepa kwa unyevu na gesi. Modi unailazimisha ikae na umbo la kengele ambalo umelichagua wewe mwenyewe kabla hata ya kuanza.

Kipimahewa:
Mzee, kila bini inabeba salfeti, naitreti, amoniamu, masizi, ogani, chumvi na idadi ya chembe, halafu zidisha mara 8, halafu vyote hivyo visafirishwe na upepo kila hatua ya muda. MAM3 (MAM ya modi 3) ina tresa, yaani vitu vya kusafirishwa, 15 tu, MAM4 ina 18. Ndo maana modeli nyingi za dunia nzima zinatumia modi, siyo uvivu.

Punje_Ndogo:
Samahani, ni WRF-Chem (modeli ya hali ya hewa yenye kemia), miaka 2, nataka kuona erosoli inavyobadilisha mawingu.

Bi_Mawingu:
Kama ni mawingu GOCART iache. Salfeti na masizi inakupa uzito peke yake, idadi haipo, na tone la wingu linahesabu chembe, haliangalii kilo. Mwanasayansi Twomey alishatuonyesha miaka ya 70: maji yale yale yakigawanywa kwenye matone mengi madogo, wingu linakuwa jeupe zaidi na kurudisha jua juu.

Ila nikwambie yaliyonikuta na modi. Faili ya uzalishaji (uchafu unaoingia angani) inakupa masizi kwa kilo, skimu inataka idadi, kwa hiyo unakadiria kipenyo ndo ugawanye. Mimi nikachukua kipenyo cha mikromita 0.04 kutoka mpangilio wa mtu mwingine wakati kwangu ilitakiwa 0.08. Nusu tu, lakini ujazo unaenda na kipenyo kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo idadi ikaruka mara 8. Na uzito ulikuwa sahihi kabisa! Kila grafu ya uzito niliyolinganisha na vituo ilikaa vizuri, nikawa nafurahi, nikaandika sura nzima kuhusu ubaridi mkubwa unaotokana na mawingu, miezi mitatu. Siku moja nikachapa idadi kwenye kisanduku kimoja cha gridi karibu na ardhi, nikaona namba ambazo haziingii akilini, nikajua. Sura nzima niliitupa. Tafadhali, kabla ya yote chapa idadi ya kisanduku kimoja uitazame kwa macho yako.

Mzee_wa_Bini:
Pole sana dada. Lakini na bini ungekuwa salama.

Bi_Mawingu:
Hapana mzee wangu, hata kwenye bini lazima useme kilo zinaingia bini ipi. Kosa ni lile lile.

Kipimahewa:
Na kuna hili la masizi. MAM3 inayachanganya na salfeti papo hapo, yanapenda maji mapema, mvua inayaosha, yanayofika Aktiki yanakuwa machache mno. MAM4 imeongeza modi moja ya kaboni changa ili yazeeke kwanza. Kwenye WRF-Chem utapata MAM3, kwa hiyo angalia kama masizi ni muhimu kwako.

Salfeti_Moja:
Mnabishana skimu wakati hata ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la UM la tabianchi, inatoa −1.1 W/m² kwa erosoli zote (wati kwa mita ya mraba, hasi maana yake zinapoza dunia), na upana ni kuanzia −1.7 hadi −0.4. Jaribio la kweli ni meli: Januari 2020 kiwango cha salfa kwenye mafuta yao kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Salfeti ikapungua, na joto la 2023 ndo jibu.

Kipimahewa:
2023 kulikuwa na El Niño pia, huwezi kuzibebesha meli joto lote.

Salfeti_Moja:
Sijasema lote. Nasema salfeti ya chini angani haimalizi hata wiki mbili, kwa hiyo ukiikata athari unaiona haraka, tofauti na CO2. Modeli ya mtu isipoonyesha nyayo za meli kwenye mawingu (mistari myeupe inayotokana na moshi wao) kupungua, mimi siiamini.

Punje_Ndogo:
Asanteni wote. Gridi ni kilomita 12. Nadhani bini 4 badala ya 8, au niende MAM3 nipate miaka yote miwili? Bi Mawingu, kile kipenyo unakibadilisha kwenye namelist (faili ya mipangilio) au ndani ya msimbo?

Mzee_wa_Bini:
Bini 4 siyo bini, mdogo wangu. Punguza miaka.

Bi_Mawingu:
Kwangu ilikuwa ndani ya msimbo. Na miaka usipunguze, mawingu ya mwaka mmoja yatakudanganya.