Mjadala: Vijana wa klabuni wanaodai saa za ziada, wavivu au wanajua haki zao?

Mada: Mechi ya Ligi Kuu Bara imeanza saa 1 usiku, mtunza vifaa na mchua misuli wanatoka uwanjani saa 5. Wakongwe hawaulizi malipo, vijana wanauliza. Nani yuko sahihi?

Mkongwe wa Benchi: Klabu haiendeshwi kwa saa ya ukutani. Jezi zikilala begini na jasho, harufu haitoki. Ziloweke maji baridi usiku huohuo, zifuliwe zikiwa zimegeuzwa, pasi isipite juu ya namba, zitabanduka. Na ukisahau ile jezi ya akiba isiyo na namba, mchezaji akichafuka damu refa anamtoa hadi abadilishe, mnacheza pungufu. Umakini huo unatokana na mapenzi. Kijana akiongezewa laki kwingine, kesho humwoni.

Sheria Mkononi: Mzee wangu, kwenye jezi hatubishani. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, zisipite 50 katika wiki nne. Mshahara wa 450,000 gawanya kwa 195, yaani saa za kazi za mwezi, unapata kama 2,308 kwa saa. Saa nne za ziada ni takriban 13,850. Kuanzia saa 2 usiku kuna nyongeza ya asilimia 5. Klabu inakwepa kwa kukuita "meneja wa vifaa", lakini kama huna unayemsimamia, jina la cheo halikuondolei haki.

Mkongwe wa Benchi: Sawa, daini. Msimu ujao watachukua vibarua wa mechi mojamoja, tuone nani atakumbuka hiyo jezi ya akiba.

Nyuma ya Goli: Hoja ya vibarua ni nzito, wengine mnairuka. Ila mapenzi nayo yana bei yake: pensheni ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inataka michango ya miezi 180. Mtu katumikia klabu miaka ishirini kwa posho ya mkononi, akifika 60 hana kitu. Vijana wameliona hilo kwa wakubwa zao, ndiyo maana wanahama.

Sheria Mkononi: Basi anzeni na daftari: saa ya kuingia, ya kutoka, sahihi ya meneja wa timu kila baada ya mechi. Bila hilo, mbele ya CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ni neno lako dhidi ya lao. Na madai ya malipo yanapelekwa ndani ya siku 60, msisubiri ligi iishe.