Idadi ya wasemaji wa Kirangi, Kiburunge, Kialagwa na Kisandawe: sensa inatusaidia wapi?

Irangi_Juu:
Wakuu, habari za leo. Hapa Dodoma linaandaliwa andiko la mradi wa kuhifadhi lugha za Kondoa na Chemba, kuanzia milima ya Irangi hadi upande wa Kwamtoro na Farkwa. Mfadhili anataka idadi ya wasemaji wa kila lugha, na amesisitiza takwimu za sensa. Ripoti za 2022 zina watu kwa kata, umri na jinsia, lakini lugha haimo. Je, kuna jedwali ambalo Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) huitoa mtu akiomba? Wapo wanaoshauri tuchukue kabila kwenye sensa ya 1967 tuzidishe. Hilo lina mashiko?

Takwimu_Dom:
Jedwali hilo halipo, kwa sababu swali lenyewe halikuulizwa. Kabila liliulizwa kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazina kabila wala lugha ya nyumbani.

Kinachowachanganya wengi ni swali la kujua kusoma na kuandika, ambalo majibu yake hutaja Kiswahili, Kiingereza, vyote viwili au lugha nyingine. Lile linapima kisomo. Bibi wa Farkwa anayeongea Kisandawe kutwa nzima lakini hakusoma ataandikwa hajui kusoma. Mjukuu wake aliyemaliza darasa la saba ataandikwa Kiswahili. Kisandawe chao hakionekani popote, ingawa ndicho wanachoongea wote wawili jikoni.

Kuhusu kuzidisha: nchi ilikuwa na watu milioni 12.3 mwaka 1967 na 61,741,120 mwaka 2022, ndiyo maana watu wanazidisha kwa 5. Tafadhali msifanye hivyo. Kabila si lugha. Waalagwa wengi wanaongea Kirangi, na kwa baadhi ya kaya ndiyo lugha ya kwanza ya watoto, hivyo hesabu ya kabila itakuza Kialagwa na kupunguza Kirangi kwa mkupuo mmoja. Pia watu hawakukaa walipokuwa. Kulikuwa na Operesheni Vijiji miaka ya 1970, kisha mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO). Halafu kuna mipaka: Chemba ilihesabiwa ndani ya Kondoa hadi sensa ya 2002. Ukilinganisha Kondoa ya zamani na ya leo bila kujumlisha Kondoa Vijijini, Kondoa Mji na Chemba, utadhani watu wametoweka.

Sensa ya 2022 itumieni kama msingi wa hesabu: idadi ya watu kwa kata na kundi la umri. Asilimia ya wasemaji lazima mwitafute wenyewe kwa dodoso.

Sampuli_Kwanza:
Naongezea hapo kwenye dodoso, maana ndipo kazi nyingi za lugha huharibika.

Fomula ya kawaida (kosa la asilimia 5, uhakika wa asilimia 95) inatoa watu 384. Hiyo ni kwa sampuli ya mtu mmoja mmoja iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Ninyi mtachagua vitongoji, na watu wa kitongoji kimoja hufanana mno kwa lugha. Ukihoji kaya 40 pale Goima, baada ya kaya ya kumi unasikia jibu lile lile la Kiburunge. Kwa hiyo zidisheni kwa 4 angalau: 384 × 4 = 1,536. Ukikadiria watu wanne kwa kaya, ni kama kaya 400, na zigawanywe vitongoji 40 kwa kaya 10. Vitongoji vingi na kaya chache ndiyo siri ya mambo haya. Vitongoji 10 kwa kaya 40 vitawapa idadi ile ile ya karatasi na jibu bovu.

Kuchagua vitongoji: pata kwa watendaji wa vijiji orodha ya vitongoji vyote na idadi ya kaya, zijumlishe kwa kufuatana. Tuseme jumla ni kaya 8,400. Gawanya kwa 40, unapata 210. Chagua namba moja kwa bahati nasibu kati ya 1 na 210, mfano 137, kisha endelea 347, 557 hadi mwisho. Kitongoji kinachobeba namba hiyo ndicho kinachoingia. Ndani ya kitongoji msimwachie mwenyekiti awapeleke kwenye kaya. Atawapeleka kwa jamaa zake na barabarani, na wasemaji wa lugha ndogo mara nyingi wako mbali na barabara. Tumieni daftari la wakazi.

Kabla ya yote, kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kisha barua ya mkoa, wilaya, kata, kijiji. Ukiruka ngazi moja mtarudishwa.

Lugha_na_Milima:
Wenzetu wa milimani wanaouliza lugha kwenye sensa wana ya kutufundisha. Nepal mwaka 2021 waliuliza lugha ya mama, lugha ya pili na lugha ya mababu, kila moja kwa swali lake. Lugha za mama zilizotajwa zilikuwa 124. Kutenganisha mababu na mama ni jambo zuri sana: tofauti ya safu hizo mbili inaonyesha lugha imekatika wapi kati ya vizazi.

India inaonyesha hatari ya upande wa pili, ile ya kupanga majibu. Sensa yao ya 2011 ilipokea majina ghafi 19,569, yakachujwa hadi 1,369, kisha zikatangazwa lugha 121 zenye wasemaji 10,000 au zaidi. Kigarhwali na Kikumauni, lugha za milima ya Uttarakhand, zimewekwa chini ya Kihindi. Anayesoma jumla tu hatajua kama zipo.

Kwa hiyo andikeni jibu kama lilivyotamkwa, kisha mlipangie namba ya lugha yake baadaye. Wadatooga wataitwa Wamang'ati au Wataturu, Wairaqw wataitwa Wambulu, Waalagwa wataitwa Wasi. Msipokuwa na orodha ya majina haya mapema, jamii moja itahesabiwa kana kwamba ni mbili.

Irangi_Juu:
Asanteni sana wakuu. Maswali yenyewe yaulizwe vipi? Na mtu akitaja lugha mbili tuandike ipi?

Takwimu_Dom:
Andikeni zote mbili. Kwenye kishikwambi wekeni swali la majibu mengi, msiweke la jibu moja, la sivyo karani atachagua Kiswahili ili aendelee.

Msiulize "lugha yenu ni ipi?" Mtu atajibu kabila lake. Ulizeni kwa kila mwanakaya wa miaka 5 na zaidi: alijifunza kuongea kwa lugha gani kwanza, nyumbani sasa anaongea ipi zaidi, nyingine gani anaweza kuendesha nazo mazungumzo. Kwa wa miaka 5 hadi 14 ongezeni mawili: mama anamsemesha kwa lugha gani, na yeye anajibu kwa ipi. Mtoto anayeelewa Kiburunge na kujibu kwa Kiswahili hawezi kuingizwa kundi moja na anayekiongea.

Matokeo yagawanywe kwa umri: 5–14, 15–34, 35–59, 60 na kuendelea. Kisha asilimia ya kila kundi izidishwe kwa watu wa kundi hilo kwenye kata mlizozipima, kutoka sensa ya 2022. Kwa mfadhili, pelekeni kiwango cha chini na cha juu kwa kila lugha, na mtaje wazi kwamba idadi ya watu ni ya sensa na asilimia ni ya dodoso. Na wanaoishi Dodoma mjini au Babati wawekeeni mstari wao, maana sampuli ya vijijini haiwagusi kabisa.