Manusura wa biashara haramu ya binadamu: rekodi ifungwe, au hukumu ifutwe?

Mleta mada: Mwaka 2010 New York ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kumruhusu aliyelazimishwa kufanya ukahaba aombe hukumu yake ya ukahaba ifutwe. Mwaka 2021 ikapanua: kosa lolote, mradi lilitokana na kutumikishwa huko. Tangu Novemba 2024 jimbo hilohilo lina sheria ya kufunga rekodi, yaani kuificha isionekane na umma, bila mtu kuomba: baada ya miaka 3 kwa kosa dogo, 8 kwa makosa mengi makubwa. Je, hiyo haitoshi? Kwa nini manusura asimulie mateso yake upya mbele ya hakimu?

Mchangiaji wa 1: Haitoshi, na ni hatari kumwambia mtu kwamba inatosha. Kwanza mahakama zimepewa hadi Novemba 2027 kumaliza kufunga rekodi za zamani. Pili, rekodi iliyofungwa polisi bado wanaiona, na kwa uhamiaji hukumu iliyofungwa ni hukumu ileile. Bodi ya rufaa za uhamiaji iliweka msimamo mwaka 2003: hukumu iliyofutwa kwa kasoro ya kisheria haihesabiki tena, iliyofutwa kwa huruma, ili mtu asifukuzwe nchini, bado inahesabika. Kwa hiyo amri ya mahakama ya kufuta hukumu itaje wazi kwamba kosa lilitokana na kutumikishwa. Amri isiyotaja sababu humtesa mtu miaka baadaye.

Mchangiaji wa 2: Ndugu, hapo sina ubishi. Ninachopinga ni "kosa lolote". Aliyeporwa kwa kisu naye ni mwathirika. California, katika sheria yake iliyoanza 2017, iliishia kwenye makosa yasiyo ya ukatili, na naona walifanya busara. Halafu New York haidai hata hati ya serikali kuthibitisha madai!

Mchangiaji wa 1: Haidai, ila ikiwepo mahakama huanza kwa kuamini kwamba kosa lilitokana na kutumikishwa. Isipokuwepo, mzigo wote wa ushahidi ni wa muombaji, na mwendesha mashtaka hupewa nakala ya maombi na nafasi ya kupinga. Huo si mlango wazi. Na wanaowatumikisha wenzao huwatuma kuiba na kubeba dawa za kulevya. Ukibagua makosa, unamwacha mtumikishaji aamue ni manusura yupi atasafishwa.

Mchangiaji wa 3: Wakati mkivutana, maombi mengi hukwama kwenye makaratasi. Anza na rekodi ya jimbo inayotafutwa kwa alama za vidole, si kwa jina, maana wengi walikamatwa wakitumia majina waliyopewa. Kila mahakama iliyotoa hukumu inataka maombi yake, isipokuwa muombaji na waendesha mashtaka wote wanaohusika wakikubali yaunganishwe. Hukumu moja ikisahaulika katika kaunti nyingine, hiyo ndiyo mwajiri ataikuta. Amri ikitoka, chukua nakala kadhaa zenye muhuri kabla faili halijafungwa: moja ya uhamiaji, nyingine za kampuni binafsi za kuchunguza waombaji kazi, ambazo hubaki na taarifa za zamani hadi zionyeshwe amri.