Skwamasi kwenye shingo ya kizazi, adeno kwenye tezi ya nyonga: inawezekana? Naombeni ushauri

Mjukuu wa Kilosa: Wakuu, habari za jioni. Dada yangu, miaka 46, alikutwa na saratani ya shingo ya kizazi ikiwa bado ndogo. Kipimo cha kinyama cha kwanza kilisema ni skwamasi, yaani saratani ya seli bapa. Wametoa kizazi na tezi za limfu za nyonga pande zote. Majibu yanasema kingo ni safi, ila tezi moja ya kushoto ina "adenokasinoma iliyosambaa", yaani adeno, saratani ya seli zinazotoa ute. Daktari kashaandika mionzi na kemo. Dada analia tu, shemeji anataka tuuze kiwanja tumpeleke India. Sasa hiyo skwamasi imegeukaje adeno njiani? Au ni mimi sielewi?

Bajaji Mbovu: Pole mkuu. Kuna mzee Korogwe ana mizizi, njoo inbox.

Mama Tunu: We Bajaji, huyu kaleta majibu ya maabara, unamletea mizizi?

Mzee wa Darubini: Swali lako lina uzito, nipo kwenye fani hii. Kwa kawaida skwamasi ikisambaa inabaki skwamasi. Halafu tezi za nyonga za wanawake zinaweza kuwa na vijitezi visivyo na madhara, vinavyofanana na utando wa mirija ya uzazi. Vinaitwa endosalpinjiosisi, jina lilitolewa na daktari wa Marekani, Sampson, mwaka 1930. Asiyevitegemea anaweza kuviita saratani.

Kwenye kioo cha darubini, vijitezi hivyo utaviona kama safu moja ya seli zilizotulia, baadhi zina vijinywele juu kama za mirija, na huoni seli zinazogawanyika. Mara nyingi vinakaa ndani ya ganda la tezi au kwenye kuta zake. Saratani huingia na maji ya limfu, kwa hiyo huanzia kwenye uwazi ulio chini ya ganda. Rangi ya maabara ya keratini (protini ya seli) haisaidii, inawasha vijitezi na saratani vilevile. Waombeni rangi nyingine za kutofautisha aina za seli, p16, p40 na PAX8, wazisome pamoja na umbo la seli. PAX8 peke yake haitoshi, maana hata saratani nyingine za uzazi zinaiwasha.

Dokta Kijiweni: Naongeza tahadhari. Kuna uvimbe wenye skwamasi na adeno kwa pamoja, na kinyama kidogo kinaweza kukamata upande mmoja tu. Tena tezi moja inaweza kubeba vijitezi hivyo na saratani ya kweli. Kwa hiyo usimwambie dada kuwa amepona. Wasome upya tezi NA uvimbe wenyewe.

Tofauti si ndogo. Kama kweli imefika kwenye tezi za nyonga, kwa FIGO ya 2018 (mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani hii) hiyo ni hatua ya IIIC1, na mionzi pamoja na cisplatin, dawa ya kemo, ndiyo njia yake. Kama haijafika, na vingine vyote ni safi, anaweza kubaki kwenye ufuatiliaji tu. Mionzi ya nyonga inagusa utumbo na kibofu, mtu hapewi kwa kubahatisha. Ila msifute miadi. Foleni iendelee huku slaidi zinasomwa.

Mama Tunu: Na kiwanja kisiuzwe kwanza! Slaidi zinasafiri kwa bei ndogo kuliko mgonjwa.

Mjukuu wa Kilosa: Mungu awabariki. Naanzia wapi?

Mzee wa Darubini: Mwambie daktari wake hivihivi ulivyotuambia: aina hazifanani. Aandike barua ya kuomba maoni ya pili kwa mwanapatholojia (daktari anayesoma vinyama kwa darubini) anayeshughulika na magonjwa ya wanawake. Maabara ikupe slaidi (vioo vyenye vipande vya kinyama), bloku za nta zilizohifadhi kinyama chenyewe, na nakala za ripoti zote mbili, usaini. Hakikisha namba kwenye bloku inalingana na ya ripoti. Funga slaidi vizuri zisivunjike, na bloku usiziache juu ya dashibodi juani, nta inalainika.

Mjukuu wa Kilosa: Sawa mzee wangu. Dada anauliza, atapasuliwa tena?

Mzee wa Darubini: Hapana. Hata sindano hachomwi, wanakata vipande vipya kwenye bloku zilezile.